Swichi moja, makundi matatu: kuseti VLAN za poti kuanzia kwenye karatasi hadi kwenye majaribio

Mama mmoja mwenye gesti pale Kirumba, Mwanza, hatua chache kutoka soko la Mwaloni, alinipigia simu asubuhi na mapema. Printa ya mapokezi ilikuwa imetoa karatasi kumi na moja za tiketi za ndege ambazo hakuna aliyeziomba. "Fundi, hii mashine ina jini?" Haikuwa na jini. Mgeni wa ghorofa ya pili alikuwa kwenye Wi-Fi ya wageni, akabonyeza kuchapa, simu yake ikatafuta printa iliyo karibu, ikaikuta ya mama.

Karatasi zilinichekesha, lakini kilichonitisha ni kingine. Kama mgeni anaiona printa, anaiona pia kompyuta ya chini yenye hesabu za dagaa, maana mama huyo anauza dagaa kwa jumla, na anakiona kinasa picha cha kamera. Vyote vilichomekwa kwenye swichi moja (kisanduku kinachounganisha vifaa kwa waya) ya poti, yaani matundu, nane, vyote vinasikilizana. Kuna mtu alikuwa ameshamshauri anunue swichi tatu na laini tatu za intaneti. Nilipoipindua swichi yake nikasoma kibandiko, nikakuta ni ya kusetika, yaani inaweza kugawiwa kwa VLAN: makundi ya poti yasiyosikilizana ndani ya swichi moja. Miaka miwili yote ilikuwa inatumika kama soketi ya kuongezea tu.

Haya ndiyo niliyofanya, na namna unavyoweza kufanya kwako.

Hakikisha swichi inasetika

Swichi bubu haina anwani ya IP (namba ya kifaa kwenye mtandao) wala ukurasa wa kuingilia. Hiyo haigawiki, usijisumbue. Inayosetika huwa na anwani ya kiwandani iliyoandikwa chini yake. TP-Link nyingi ndogo hutoka na 192.168.0.1, Netgear za aina ya Plus 192.168.0.239, D-Link za aina ya DGS-1210 hutoka na 10.90.90.90. Jina na nywila ya kwanza viko kwenye kibandiko au kwenye kijitabu.

Angalia pia ina menyu zipi za VLAN. Kwenye swichi ndogo utakuta "Port Based VLAN" na "802.1Q VLAN". Kwenye TP-Link ndogo kuna ya tatu, "MTU VLAN". Kwa kawaida unawasha moja tu kwa wakati, na ukihamia nyingine, mipangilio ya ile ya kwanza inaacha kufanya kazi. Kwa hiyo amua mapema unatumia ipi. Nitakwambia ninayoichagua na sababu yake.

Kinachotokea ndani ya swichi

Kompyuta inapotaka kuongea na mwenzake huanza kwa kupiga kelele: "Nani ana anwani 192.168.1.50?" Swichi ya kawaida huitoa kelele hiyo kwenye poti zote isipokuwa ile ilikotoka. Ukigawa VLAN, kelele inaishia ndani ya kundi lake. Asiyeisikia hajibu, na asiyejibu hapatikani. Simu ya mgeni itaita printa mpaka ichoke.

Kwenye VLAN za poti, kundi la kifaa linatokana na tundu kilimochomekwa tu. Swichi haiangalii ni kompyuta ya nani, haiangalii anwani. Ukihamisha waya kutoka poti 4 kwenda poti 2, umehamisha mgeni kumpeleka ofisini. Huo ndio wepesi wake na ndio udhaifu wake.

Karatasi kwanza

Usiwashe hata laptopu kabla hujachora. Fuata kila waya kwa mkono kutoka kwenye swichi hadi unakoishia. Usiamini lebo za fundi aliyekutangulia. Mimi mwenyewe nimeshakuta waya ulioandikwa "KAMERA" ukiishia kwenye redio ya kaunta. Kwa mama wa Kirumba, karatasi ilitoka hivi:

Poti 1: ruta ya intaneti
Poti 2 na 3: ofisi (kompyuta ya hesabu, printa)
Poti 4 na 5: vifaa vya Wi-Fi vya wageni, ghorofa ya kwanza na ya pili
Poti 6 na 7: kinasa picha na swichi ndogo inayolisha kamera umeme
Poti 8: ya fundi, inabaki tupu

Chini ya orodha andika swali moja kwa kila kundi: nani aongee na nani? Ofisi na wageni, hapana. Wageni na kamera, hapana. Ofisi na kamera? Hapa muulize mwenye mali. Mama alijibu kwamba anaangalia kamera kwenye simu yake hata akiwa Ukerewe, hivyo kinasa picha kinahitaji intaneti, lakini kompyuta ya ofisi haina shida nacho. Basi, makundi matatu, na yote matatu yanataka kufika poti 1.

Hapo kwenye "yote yanataka kufika poti 1" ndipo wengi wanapokwama. Kugawa ni kazi ya dakika mbili. Kugawa huku kila mtu akibaki na intaneti ndiyo kazi yenyewe.

Njia tatu za kufika kwenye ruta

Ya kwanza ni menyu ya "Port Based VLAN". Unaunda kundi, unatia alama kwenye poti zake, umemaliza. Swichi nyingine zinakubali poti 1 iingie kwenye makundi yote matatu, na hapo kazi imekwisha. Nyingine hazikubali: poti ikiingia kundi la pili inatoka kwenye la kwanza, na ofisi inabaki bila intaneti. Jaribu yako uone.

Hiyo "MTU VLAN" ya TP-Link inatengeneza poti moja ya kutokea, na kila poti nyingine inaongea na hiyo tu. Ni nzuri sana kwa vyumba vya kupanga, ambako kila mpangaji ana waya wake. Kwa mama haikufaa, kwa sababu kompyuta ya ofisi isingeiona hata printa yake.

Ya tatu, ninayoitumia mara nyingi kwa ruta za kawaida ambazo hazijui VLAN, ni kuwasha "802.1Q VLAN" lakini bila kuweka tagi (namba ya kundi inayobandikwa kwenye data) popote. Ili uielewe, lazima utenganishe mambo mawili ambayo kwenye skrini yanakaa kurasa tofauti.

Uanachama wa poti unaamua mzigo (data) wa kundi fulani utoke kwenye poti zipi. PVID inaamua mzigo unaoingia kwenye poti hiyo uhesabiwe wa kundi lipi. Uanachama ni mlango wa kutokea, PVID ni mlango wa kuingilia. Ukiseti mmoja ukasahau wa pili, swichi itakuchezea mchana kutwa: mawasiliano yanakwenda upande mmoja, hayarudi.

Hatua zenyewe

Chomeka laptopu kwenye poti 8. Ipe anwani ya mkono inayofanana na ya swichi. Kwa swichi ya 192.168.0.1, weka 192.168.0.10 na maski 255.255.255.0. Zima Wi-Fi ya laptopu, la sivyo unaweza kujikuta umefungua ukurasa wa ruta ukadhani ni wa swichi. Ruta nyingi nazo zinapenda 192.168.0.1, kwa hiyo wakati wa hatua hii chomoa waya wa poti 1 kabisa. Fungua brauza, ingia, badilisha nywila hapo hapo. Si mapambo hayo: kwenye swichi nyingi za bei ya chini ukurasa wa usimamizi hufunguka kutoka kundi lolote, pamoja na la wageni.

Kisha ipe swichi anwani isiyogongana na ruta. Kama ruta ni 192.168.1.1, ipe swichi 192.168.1.2, badilisha na anwani ya laptopu iendane, ingia upya.

Washa "802.1Q VLAN". Utakuta VLAN 1 ipo tayari na poti zote nane zimo. Iache ilivyo. Ongeza tatu:

VLAN 10, OFISI: poti 1, 2, 3, zote bila tagi
VLAN 20, WAGENI: poti 1, 4, 5, zote bila tagi
VLAN 30, KAMERA: poti 1, 6, 7, zote bila tagi

Kwenye skrini "bila tagi" huandikwa "Untagged". Namba unachagua mwenyewe kuanzia 2 hadi 4094, lakini kuruka kwa makumi kunakuachia nafasi na kunasomeka.

Nenda ukurasa wa PVID. Poti 2 na 3 ziandike 10. Poti 4 na 5 ziandike 20. Poti 6 na 7 ziandike 30. Poti 1 ibaki 1, na poti 8 ibaki 1.

Sasa fuata safari moja kwa kidole kwenye karatasi yako. Kompyuta ya poti 2 inatuma. PVID ni 10, mzigo ni wa kundi la 10, unaruhusiwa kutokea poti 1 na 3 tu. Umefika kwenye ruta. Ruta inajibu kupitia poti 1. PVID yake ni 1, na wanachama wa VLAN 1 ni poti zote, pamoja na poti 2. Jibu limerudi. Mgeni wa poti 4 akitaka kumfikia wa poti 2, mzigo wake ni wa kundi la 20, na poti 2 haimo humo. Unafia njiani.

Mpango huu una dosari yake. Swichi nyingi hukariri anwani za vifaa kwa kila kundi peke yake. Kompyuta ya ofisi imekaririwa ndani ya kundi la 10, na jibu la ruta linapita kundi la 1, ambako swichi haimjui, kwa hiyo hulitawanya kwenye poti zote. Kwa gesti yenye vifaa ishirini hutaona tofauti. Kwa ofisi yenye siri, au yenye mzigo mkubwa, usitumie njia hii.

Baada ya PVID, tafuta kitufe cha "Save" au "Save Config". Kwenye baadhi ya swichi, ile "Apply" uliyobonyeza inaandika kwenye kumbukumbu ya muda tu. Umeme ukikatika usiku, na hapa Mwanza mvua ya radi ikipiga ziwani unajua mwenyewe, swichi inaamka asubuhi imesahau kila kitu, na wageni wamerudi ofisini.

Usijifungie nje

Niliwahi kuseti swichi ya ofisi fulani mjini nikiwa na haraka. Nikabadilisha PVID za poti zote kwa mpigo, ikiwemo niliyochomeka laptopu. Ukurasa ukaganda. Nilikaa na sindano hadi saa mbili usiku nikibonyeza kile kitundu cha kuriset, nikaanza upya kuanzia nywila ya kiwandani, mlinzi ananiuliza kama nitalala hapo. Tangu siku hiyo naacha poti moja isiyoguswa, na poti nyingine nazibadilisha mojamoja.

Ukiwa na ruta inayojua VLAN

Hii ndiyo njia safi. MikroTik ndogo, kwa mfano, inatosha. Hapo poti 1 ya swichi inawekwa tagi kwa makundi 10, 20 na 30, yaani kila mzigo unaotoka kwenda kwenye ruta unabandikwa namba ya kundi lake. Poti 2 hadi 7 zinabaki bila tagi kila moja kwenye kundi lake, na baada ya kuseti PVID unaziondoa kwenye VLAN 1. Kwenye ruta unaunda VLAN hizo hizo tatu, kila moja na mtandao wake: 192.168.10.0/24 ya ofisi, 192.168.20.0/24 ya wageni, 192.168.30.0/24 ya kamera, kila moja na DHCP yake, yaani huduma ya kugawia vifaa anwani.

Lakini kazi ya ruta ni kuunganisha mitandao. Ukiipa mitandao mitatu bila sheria, itaiunganisha kwa furaha, na mgeni wa 192.168.20.15 ataifikia printa ya 192.168.10.5 kwa kupitia ruta yenyewe. Lazima uandike kwenye faiawoli, sehemu ya ruta inayoamua nani apite, kwamba 20 haendi 10 wala 30, na kamera haziendi ofisini. Nimekuta mafundi wazuri wameigawa swichi vizuri kabisa, wakasahau hapa.

Swichi kubwa za Cisco

Kwenye majengo ya mjini utakutana na Cisco za poti 24 zilizotolewa ofisi nyingine zikauzwa mtumba. Hizo zinasetiwa kwa amri. Kundi moja linakwenda hivi:

enable
configure terminal
vlan 10
name OFISI
exit
interface range fastEthernet 0/1 - 8
switchport mode access
switchport access vlan 10
exit
interface gigabitEthernet 0/1
switchport mode trunk
switchport trunk allowed vlan 10,20,30
end
copy running-config startup-config

Rudia sehemu ya kundi kwa 20 na 30. Hapa PVID na uanachama vimeunganishwa kwenye mstari mmoja wa "switchport access vlan", raha tupu. Kagua kwa "show vlan brief". Poti ya kwenda kwenye ruta ikikosekana kwenye orodha hiyo usishtuke, poti za tranki, yaani zinazobeba makundi mengi kwa tagi, hazionyeshwi hapo. Ziangalie kwa "show interfaces trunk".

Swichi mbili

VLAN za poti zisizo na tagi zinaishia kwenye boksi moja. Waya mmoja ukienda swichi ya ghorofa ya juu unabeba kundi moja tu. Ukitaka yote matatu yapite kwenye waya mmoja, ndipo tagi inapohitajika: baiti 4 zinazoongezwa kwenye kila fremu (kifurushi cha data), kwa utaratibu wa IEEE 802.1Q uliotoka mwaka 1998. Ndani yake namba ya kundi imepewa biti 12, yaani 4096, na mbili za pembeni, 0 na 4095, hazitumiki. Poti za pande zote mbili za waya huo ziwekwe tagi kwa makundi yale yale.

Kuna wanaotumia waya mmoja kwa kila kundi badala ya tagi. Inawezekana, ila swichi nyingi zina kinga ya mzunguko ambayo ikiona nyaya mbili kati yake na mwenzake inaufunga mmoja, kisha unatafuta kosa usilolifanya.

Na kama swichi ya pili iko jengo lingine, tumia nyuzi za kioo (fiber). Huku kwetu nyumba ziko juu ya majabali, kuchimba mtaro ni adhabu, kwa hiyo watu wanapitisha waya wa shaba hewani kutoka paa hadi paa. Radi ikipiga karibu, poti za pande zote mbili zinaungua pamoja, wakati mwingine na kila kilichochomekwa.

Kujaribu

Kabla ya kuseti chochote, ping (amri ya kukiita kifaa uone kama kinajibu) kutoka kwa mgeni kwenda kompyuta ya ofisi, uandike kama imejibu. Watu wanaruka hatua hii. Windows yenyewe huzuia ping mara nyingi, kwa hiyo ukijaribu baada ya kuseti tu, ukimya hauthibitishi chochote. Printa ni shahidi mzuri zaidi, nyingi hujibu bila maswali.

Baada ya kuseti, kwenye kila kundi fanya "ipconfig /release" kisha "ipconfig /renew". Ukipata anwani, njia ya kwenda na kurudi kwenye ruta iko wazi. Ukipata inayoanza na 169.254, hakuna DHCP inayokufikia: rudi kwenye PVID, kosa liko hapo mara tisa kwa kumi. Kisha ping ruta, fungua tovuti, ping printa kutoka kwa wageni. Mwisho zima umeme wa swichi, washa, rudia yote. Isipopita jaribio hilo hujasevu.

Kwa mama, jaribio la mwisho lilikataa. Simu yangu ilikuwa bado inaiona printa, na nilikuwa nimeseti kila kitu sawasawa. Nikahangaika nusu saa kabla sijagundua kwamba simu haikuwa kwenye Wi-Fi ya wageni. Ilikuwa kwenye Wi-Fi ya ruta yenyewe, ile iliyo nyuma ya poti 1, inayofika makundi yote, na nywila yake ilikuwa imebandikwa mapokezi kwa karatasi ya rangi. Tukaizima. Kama huwezi kuizima, badilisha nywila na uifiche. Angalia pia kama kuna mtu amechomeka waya moja kwa moja nyuma ya ruta kwa kuruka swichi.

Jambo jingine dogo: VLAN haiwatenganishi wageni wenyewe kwa wenyewe. Wote wako kundi la 20. Hilo linasetiwa kwenye kifaa cha Wi-Fi, tafuta "AP Isolation" au "Client Isolation".

Nilihifadhi nakala ya mipangilio kwenye simu yangu na kwenye barua pepe ya mama, nikabandika ile karatasi ya poti ndani ya mlango wa kabati, juu ya kiota cha mjusi niliyemhamisha. Poti 8 nikaiandika kwa kalamu ya wino mzito: YA FUNDI, USICHOMEKE. Baada ya wiki mbili akanipigia tena kuhusu king'amuzi cha ukumbi. Kijana wa mapokezi alikuwa amekichomeka poti 8, maana ndiyo iliyokuwa wazi. Siku hizi naizima poti hiyo kwenye ukurasa wa swichi kabla sijaondoka, na nikirudi naingia kupitia poti ya ofisi kuiwasha.